Moshi Ndani ya Chumba cha Baridi

Kantengwa alivaa makoti mawili, lake na la mlinzi wa geti, akajifunga kitenge kichwani mpaka yakabaki macho tu, ndipo akaingia kwenye chumba cha baridi. Nyuma yake aliingia Divine na sweta jepesi, mikono wazi. Kipimo cha ukutani kilionyesha digrii ishirini na tano chini ya sifuri. Kwa Divine hiyo ilikuwa asubuhi ya kufulia nguo.

Afande Nuwamanya, mpelelezi wa polisi wa mjini Mbarara, alibaki mlangoni na daftari lake, mguu mmoja ndani na mwingine nje, kama mtu anayeonja maji ya kuoga.

"Nyabo, mimi nimeangalia jana," alisema. "Hakuna kitu huko. Mwizi alikuja, alichukua, alienda."

"Uliangalia ukiwa wapi, afande?"

"Hapa."

"Hapo mulangoni?"

"Hiyo baridi ni ya maiti, nyabo. Na hapa mtu anaona vizuri tu."

Kantengwa aliliweka jibu hilo mahali anapoweka vitu vyake vyote, kichwani, pamoja na siku na saa: Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, polisi alipeleleza chumba bila kuingia chumbani. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa karani katika ofisi ya mwendesha mashtaka huko Uvira. Alinakili yale waliyoyasema wenye vyeo, na yale waliyoamuru yafutwe aliyanakili pia, moyoni. Hakuna aliyemfundisha upelelezi na hakuna aliyempa cheo. Alipokimbilia Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, na kupewa kiwanja Rubondo, watu wakaanza kumletea mashauri ambayo kituoni yalipokelewa kwa miayo. Jana jioni Divine ndiye aliyemjia, binti wa majirani zake, amevimba macho.

Sasa binti huyo alionyesha rafu ya tatu, upande wa kushoto, kati ya makopo ya aiskrimu na mifuko ya maziwa yaliyogandishwa.

"Ilikuwa hapa, maman. Boksi nyeupe, nzito. Jana saa tisa nilikuja kuiangalia, fasi iko wazi."

Ndani ya boksi hilo mlikuwa na miche sita ya barafu, kila mmoja mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Divine mwenyewe alikuwapo ilipotolewa chini kwa keekee, mashine ya kutoboa, huko Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia, alikofanya kazi miezi kumi na minne kama msaidizi wa maabara. Ilikuwa barafu ya theluji iliyoanguka miaka elfu ishirini iliyopita, na ndani yake mna vumbi na hewa ya siku hizo. Maabara moja ya Mbarara ilikuwa imejifunza kupima vumbi la namna hiyo. Friza yake ilikuwa ndogo, umeme wake wa kubahatisha, ndiyo maana tangu Alhamisi boksi lilihifadhiwa hapa, kwenye kiwanda kidogo cha yogati na aiskrimu chenye jenereta. Kesho Jumatatu, saa tatu, profesa wa kituo kile cha Antaktika angefika kulifungua.

Kwenye ubavu wa nyuma wa boksi kulikuwa na kidude cha kujiandikia joto. Kikionyesha kwamba barafu haikuwahi kupanda juu ya digrii kumi na tano chini ya sifuri, maabara ya Mbarara ingepewa barafu kila mwaka, na Divine angepata kazi hapa, mwendo wa saa mbili tu kutoka kwa mama yake. Kikionyesha vingine, au kisipoonekana kabisa, barua ya kukataa ilikuwa tayari. Divine alishaiona kwenye kompyuta ya mtu: *mazingira ya huko hayafai*.

Kantengwa aliijua sentensi hiyo. Alizijua na sentensi dada zake zote, mama yao na bibi yao. Alikuwa amewahi kuambiwa kwamba mazingira yake hayafai kwa shule, kwa mkopo, kwa ushahidi mahakamani. Kila mara aliyeisema alikuwa amesimama mlangoni.

Aliinamia rafu. Rafu nyingine zote zilikuwa na utando mweupe wa baridi, mnene kama unga. Hii ya tatu iling'aa. Alipitisha kucha juu yake: safi, imesuguliwa. Hata sakafu chini yake ilikuwa imemwagiwa maji moto, yakaganda tena na kuwa kioo.

"Afande," aliita, "mwizi wa huku Mbarara, akishaiba, anapiga deki?"

"Wengine wana akili. Wanafuta alama za vidole."

"Na sakafu? Alikuwa anatembea kwa vidole?"

Divine alicheka, kisha akanyanyua pua. "Maman, unasikia? Moshi."

Kantengwa alivuta hewa, akasikia baridi tu ikimchoma.

"Kule kwenye kituo, pua inasahau kazi," Divine alisema. "Mu baridi hakuna harufu. Ukisikia moja, ujue iko karibu sana."

Walitafuta. Pembeni mwa rafu, palipokutana chuma na ukuta, palikuwa na kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mchele. Kantengwa alikichukua kwa kipande cha karatasi, akatoka nacho juani, akakiacha kiyeyuke baridi yake. Hapo harufu ikaja yenyewe, tamu, kavu, ya zamani. Haikuwa ya sigara wala ya makaa. Ilikuwa ya nyasi.

Aliikunja karatasi, akaitia kifuani bila kusema neno. Kulikuwa na mtu wa kuonwa kwanza.

*

Mtu huyo alichaguliwa na Nuwamanya, na alimchagua haraka. Ijumaa saa nne asubuhi, Patient, fundi wa maabara, mkimbizi wa Fizi, aliingia kiwandani mikono mitupu akatoka na katoni kubwa. Mama Nakimera, mwenye kiwanda, Mganda wa Masaka mwenye sauti ya kuuzia sokoni, alimwona kwa macho yake. Tena kila mtu alijua kwamba Patient naye aliomba kwenda Antaktika mwaka ule, na jina likarudi la Divine.

"Mimi sitaki kuharibia mtu jina," Nakimera alisema. "Lakini banange, katoni ilikuwa kubwa!"

Kwenye pikapu ya polisi Kantengwa alichungulia daftari la Nuwamanya lililolala kwenye dashibodi. Mstari wa kwanza wa ukurasa wa jana ulisema: *Mshukiwa: mkimbizi. Jina bado.*

"Jana saa ngapi uliandika hii?"

"Saa kumi."

"Na kiwandani ulifika saa ngapi?"

Nuwamanya aliwasha gari.

Patient aliishi Kakoba, kwenye chumba kimoja chenye pazia. Walimkuta amevaa suti, tai imempinda, watoto kumi na wawili wamejaa mkekani na midomo yao imepakaa rangi ya waridi. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amebatizwa saa moja asubuhi. Katoni kubwa, iliyolala kwenye friza ya maabara tangu Ijumaa, ilikuwa katikati ya mkeka, imebaki robo, na aiskrimu ilikuwa inayeyuka kwa kasi.

"Ni hii munatafuta?" Patient alisema, mkono kiunoni. "Karibuni basi. Afande, chukua kijiko. Kama ni wizi, tufungwe na batoto wote."

"Wewe ulitaka nafasi ya huyu dada," Nuwamanya alisema.

"Nilitaka. Nililia hata. Halafu nikafikiri: miezi sita jua halitoki, na mi naogopa giza hata mu choo. Mungu alijua." Alimgeukia Divine. "Ijumaa si ni wewe ulinituma kusoma kipimo cha boksi? Nilikuandikia: ishirini na tano. Hukupata ujumbe?"

"Nilipata," Divine alisema, akaona haya kwa ajili ya polisi.

Kantengwa alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akapokea kijiko kutoka kwa mtoto. "Patient, nikuulize mambo mawili. Ijumaa, mule ndani ulisikia harufu ya moshi?"

"Hapana, mama. Harufu ya vanila tu."

"Kipimo kilikuwa upande gani wa boksi?"

"Kilikuwa kimelala upande wa ukuta. Nililigeuza boksi ili nisome."

"Ukalirudisha?"

Patient alifikiri, kijiko hewani. "Hapana. Lilikuwa zito. Nililiacha vile, ule upande wa nyuma ukiangalia mulango."

"Haya. Mungu amukuze mutoto," Kantengwa alisema, akainuka. "Afande, twende. Huyu hana kosa lingine zaidi ya tai."

Nuwamanya alikuwa bado na kijiko mdomoni.

*

Walirudi kiwandani polepole, barabara imejaa watu wanaotoka misa. Kantengwa alimwomba Divine amweleze kazi ya kule kwenye kituo, hatua kwa hatua, bila kuruka.

"Mambo ya baridi yatasaidia nini?" Nuwamanya aliuliza.

"Sijui. Ndiyo sababu nauliza."

Divine akaeleza. Walikuwa watu ishirini na wawili. Kuamka saa kumi na mbili kwa kengele, kwa kuwa jua halikuwa na msaada. Wakati wa kiangazi halikuchwa, wakati wa baridi halikutoka. Kuandika kwa penseli, maana wino unaganda. Kushika keekee watu wawili wawili, zamu ya saa nne, kutoa mche, kuupima, kuuandika namba na mshale wa upande wa juu, kuulaza kama mtoto. Jioni kuosha vyombo kwa zamu, profesa na mpishi sawa. Yeye alipewa pia zamu ya kuchota theluji ya maji ya kunywa, na alipoimba nyimbo za kwaya ya Rubondo wenzake walidhani anaita mtu.

"Na mutu akitaka kutoka inje?"

"Hatoki hivihivi, maman! Kuna ubao ku mulango. Unaandika jina, unaenda wapi, umebeba nini, utarudi saa ngapi. Hata ukienda hatua hamusini. Nisipoandika, banaweza kunitafuta wakati niko chooni, ao wasinitafute wakati nakufa."

"Na haya maboksi, munanunua wapi?"

"Kununua? Meli inakuja mara moja kwa mwaka. Hatutupi kitu. Maboksi ya barafu yote ni ya jikoni. Chakula kikiisha, tunaosha, tunatia barafu." Alifungua simu, akatafuta picha aliyopigwa Alhamisi akiwa amelikumbatia boksi lake, meno yote nje. "Ona, hata karatasi ya jikoni iko bado. Ilikataa kubanduka."

Kantengwa aliisogeza simu karibu na macho. Upande wa nyuma wa boksi, wazi kabisa, palikuwa na karatasi yenye maneno ya kizungu na picha kubwa ya rangi: mguu wa nyama, mwekundu, na kando yake kichwa cha kondoo.

Aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Bibi yake, huko milima ya Itombwe, alikuwa na mitungi tisa ya maziwa, na kila asubuhi aliifukiza kwa moshi wa nyasi hadi ikanukia. Siku moja Kantengwa, akiwa na miaka sita, aliweka kipande cha nyama cha jirani karibu na mtungi mmoja. Hakuchapwa. Bibi alitoa nyama nje, akaosha mahali pale kwa maji moto, akafukiza mara mbili, akakaa siku nzima anawaangalia ng'ombe wake chuchu kwa chuchu asije mmoja akaumwa. Na ile ilikuwa nyama ya mbuzi tu. Ya kondoo haikutajwa hata jina nyumbani kwao.

"Afande," alisema, "jana ulimuuliza mulinzi wa geti nini?"

"Niliuliza kama barafu imetoka. Alisema hapana."

"Alisema kweli. Hebu tusome ubao wa kwetu."

Ubao wa kwetu ulikuwa daftari la shule lenye jalada la kijani, limefungwa kwa uzi kwenye dirisha la geti. Mlinzi alilitoa kwa fahari, maana hakuna aliyewahi kuliomba. Kantengwa alishuka na kidole kwenye ukurasa wa Jumamosi. Aiskrimu, makopo arobaini, hoteli. Yogati, duka la Ruharo. Aiskrimu tena. Halafu, saa mbili asubuhi, kwa mwandiko ule ule mtulivu: *Nyama, boksi 1. Sebagabo. Boda.*

"Nyama," Nuwamanya alisoma. Akasoma tena. "Kiwanda cha maziwa kinatoa nyama?"

"Hilo ndilo swali la kuuliza jana," Kantengwa alisema. "Lilikuwa hapa, na jina la mutu chini yake. Hakujificha. Alitaja alichobeba mbele ya serikali ya geti. Ni wewe ulikuwa unatafuta barafu."

"Sebagabo ni nani?"

Mama Nakimera alijibu kutoka dirishani: "Mzee wangu wa maziwa! Miaka minne yuko hapa. Anaonja maziwa, anajua ng'ombe alikula nini. Hawezi kuiba hata kifuniko. Jumapili yuko kwao Nakivale, anasali, simu anazima."

"Nakivale fasi gani?" Divine aliuliza.

"Rubondo."

Kantengwa alifumba macho kidogo. Alfajiri walikuwa wametoka Rubondo.

*

Walimkuta Sebagabo saa saba mchana, ametoka kanisani, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake na fimbo magotini. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa. Kofia yake ya Jumapili ilikuwa imewekwa juu ya goti la kulia kwa adabu, kama mgeni wa nne. Ng'ombe wake wawili walisimama nyuma ya ua, na kabla hajauliza habari alimwambia mkewe alete maziwa.

Nuwamanya alifungua mdomo, Kantengwa akamgusa kiwiko. Walikunywa kwanza. Divine alimaliza kikombe chake kwa mkupuo mmoja. Kila dakika kwake ilikuwa tone la barafu.

"Muzee," Kantengwa alianza, alipoweka chini kikombe, "jana asubuhi ulitoka mu kiwanda na boksi."

"Nilitoka nayo."

"Ndani kulikuwa nini?"

Sebagabo alimwangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Wewe mwana wa kwetu unaniuliza? Si niliona picha! Nyama. Ya kondoo tena!" Alishusha sauti kwenye neno hilo, akatazama upande wa ng'ombe. "Imelala mu maziwa ya batu. Mikono yangu ilikufa. Nikatoa. Nikaosha fasi. Nikawasha nyasi mu kopo, nikafukiza mara mbili."

"Kwa nini hukumuambia mwenye kiwanda?"

"Mbele ya batumishi? Ule mama ni mugeni mu mambo ya ng'ombe, hajui. Nimuambie mbele ya batu kama ameharibu maziwa yake? Ningemuambia kesho, tuko babili tu. Kitu kama hicho haisemwe na mudomo wazi."

"Mzee, wewe umeiba mali ya maabara," Nuwamanya alisema.

"Kijana, kama nimeiba, mbona niliandikisha?"

Nuwamanya alifunua ukurasa mwingine wa daftari lake.

Divine alishindwa kuvumilia. Aliteleza kutoka kwenye benchi akapiga magoti mbele ya mzee. "Muzee, ulitupa wapi? Tafazali. Haikuwa nyama. Ni barafu. Ni kazi yangu yote."

"Barafu?" Mzee alishangaa. "Barafu ndani ya boksi ya kondoo? Nani anafanya vile?"

"Sisi. Kule tulikuwa. Hatuna maboksi mengine."

Sebagabo alimtazama binti, kisha kofia yake, kisha binti tena. "Simama, mutoto. Nani alikuambia nilitupa? Mi nitupe mali ya mutu? Niliipeleka Nyamityobora, kwa Hajji Kasimu, anauza nyama. Nikamuambia: chunga, mwenyewe atakuja. Fasi ya nyama ni kwa muuza nyama."

"Mu frigo ya kawaida, ao ile ya kugandisha?" Divine aliuliza.

"Ile inafanya nyama inakuwa jiwe."

Walimpigia Hajji mara tano. Simu iliita, haikupokelewa. Jumapili, wateja wengi, nyama inakatwa, inafungwa, inaondoka. Na boksi la kondoo wa kigeni limekaa humo tangu jana na picha nzuri ya rangi. Kila mmoja aliliona hilo kichwani mwake. Sebagabo aliweka kofia kichwani, akachukua fimbo, akapanda nyuma ya pikapu bila kuambiwa.

*

Hajji Kasimu alikuwa na kibanda cha vigae vyeupe, mapaja ya mbuzi yakining'inia, na friza mbili kubwa zimeegemea ukuta wa nyuma. Alipoona polisi alifuta kisu.

"Afande, leseni iko ukutani."

"Hajji," Kantengwa alisema, "jana huyu muzee alikuletea boksi."

"Alileta."

"Uliifungua?"

Hajji alionekana kuudhika. "Nifungue? Mama, mimi najua nani alichinja? Najua alisema jina la nani wakati wa kuchinja? Nyama imetoka hewani, mzee ananiambia chunga. Sawa, nachunga, ni jirani. Lakini niuzie watu? Niweke hata karibu na nyama yangu? Wateja nitawaambia nini!"

"Iko wapi?" Divine alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kwa samaki," Hajji alisema, akafungua friza ya pili.

Lilikuwa limekaa pembeni, peke yake, sangara wamesogezwa upande wa pili kana kwamba wangeambukizwa. Limezungushiwa kamba mara nne. Divine hakuligusa. Alifanya kama alivyofundishwa kule: aliangalia kwanza, akahesabu mihuri ya boksi, mmoja, miwili, mitatu, minne, yote mizima. Kisha akainama mpaka kifua chake kikalala kwenye ukingo wa friza, akafuta kwa kidole kioo cha kile kidude cha ubavuni. Kidude kilikuwa kinatunza joto la juu kuliko yote tangu boksi lifungwe.

"Kumi na tisa," alisema. "Kumi na tisa chini ya sifuri. Haikupita hapo."

"Ni mbaya?" Nuwamanya aliuliza.

"Ni nzuri! Ni nzuri, afande! Tuliruhusiwa mpaka kumi na tano!" Akaketi palepale kwenye sakafu ya bucha na gauni lake la Jumapili, akacheka mpaka machozi. Hajji aliagiza mtu alete soda.

Kantengwa aliegemea mlango. Alipanga mambo kichwani kwa ajili ya kumbukumbu: mzee wa ng'ombe alilitoa boksi kwa sababu ya nyama ambayo haikuwepo, muuza nyama hakulifungua kwa sababu hiyo hiyo, na kati ya wawili hao, barafu ya miaka elfu ishirini ilipita mjini Mbarara juu ya boda, saa mbili asubuhi, jua linawaka, ikapanda digrii sita tu. Mazingira ya huku. Angependa kuiona barua ile ikiandikwa upya, na angependa kusimama mlangoni anapoisoma aliyeiandika.

*

Walipolirudisha kiwandani, Sebagabo alisimama mbele ya chumba cha baridi, fimbo imekingama.

"Ile picha itoke kwanza."

"Mzee!" Mama Nakimera alisema. "Ni karatasi tu!"

"Itoke."

Hakuna aliyebishana naye. Divine alikwangua karatasi kwa kisu cha Hajji, kondoo akatoka vipande vipande, cha mwisho sikio. Mzee akakagua kwa mkono, akaridhika, akashusha fimbo. Safari hii Nuwamanya aliingia ndani mwenyewe, amevaa koti la mlinzi, boksi begani. Alitoka meno yakigongana, akasema ile baridi si mbaya kama watu wanavyosema.

"Sasa daftari," Kantengwa alimwambia.

Afande alilifungua. Mstari wa jana ulikuwa bado pale. Aliukata kwa kalamu mara moja. Kantengwa akabaki kusimama. Afande akaukata mara ya pili, ukafunikwa.

"Niandike imepatikana?"

"Andika. Na jina."

"Jina la nani? Hakuna mshukiwa sasa."

"La aliyeitunza. Jana ulikuwa na nafasi ya jina, ukasema bado. Leo jina liko."

Nuwamanya aliandika *Sebagabo*, akaandika na *Kasimu*, herufi kubwa. Kantengwa alizisoma zote kabla hajamwachia.

Divine alikuwa ameingia mle ndani ya baridi na kutoa, nyuma ya makopo ya aiskrimu, kifuko alichokuwa amewawekea watoto wa shule ya Rubondo, chenga za barafu zilizobaki kwenye keekee, zisizohesabiwa na mtu. Alitumbukiza mbili kwenye kikombe cha maji, akampa Sebagabo.

"Weka ku sikio, muzee. Usinywe."

Mzee alivua kofia, akaweka. Kikombe kilianza kutoa mlio mdogo, tik, tik-tik, kama nyasi kavu zinapoanza kushika moto. Alikunja uso, akatulia.

"Inafanya nini?"

"Ni hewa. Ilifungwa mule ndani wakati hakuna mutu hata mumoja kule. Sasa inatoka."

Kikombe kilizunguka. Nakimera alisikiliza, akapiga kelele. Hajji, aliyefunga bucha ili aone mwisho wa jambo, alisikiliza akasema Subhanallah. Nuwamanya alisikiliza muda mrefu kuliko wote, mpaka akanyang'anywa.

Kilipomrudia, Sebagabo alishika kikombe kwa mikono miwili. Kulikuwa na neno lililomsumbua tangu Rubondo.

"Mutoto, kule ulikuwa. Ng'ombe babo ni ba namna gani?"

"Kule hakuna ng'ombe, muzee."

"Kidogo tu?"

"Hata mumoja. Kuna barafu na upepo."

Mzee alikitazama kikombe, chenga za mwisho zikipasuka ndani yake. Uso wake ulilainika kabisa.

"Hata mumoja," alisema. "Maskini. Basi nimebasamehe. Habakujua."